Poludnitsa Kando ya Reli

Sylvance alirudi Makongeni kutoka Belarusi na digrii ya kilimo, koti zito lisilo na kazi, na hadithi moja ambayo mama yake, Awiti, aliicheka mpaka akashika mbavu. Huko, alimwambia, mashambani kuna pepo wa kike anayeitwa Poludnitsa. Huvaa nyeupe, hutokea saa sita mchana, na akikukuta bado unalima anakuuliza habari za zao lako. Lazima uongee hadi saa saba. Ukinyamaza, anakunyonga.

"Akija kwangu atachoka yeye," Awiti alisema.

Jumanne, saa saba kasorobo, Sylvance alimpelekea mama chakula kwenye kijishamba chake cha mahindi kando ya reli. Alimsikia kabla ya kumwona, sauti imekauka, maneno yanatoka mbiombio. Mbele ya mama alisimama mwanamke mrefu mwenye kanzu nyeupe. Sylvance alidhani ni dada wa kanisa la Roho, mpaka alipoona vidole vyake vimeshika shingo ya mama.

Alisimama pale pale, bakuli la chakula mkononi. Katika kusimulia habari za mahindi yake, mama alikuwa ameshapanda, amepalilia, amevuna, amesaga. Sasa akasonga ugali, akaupakua, na hapo maneno yakamwishia. Vidole vikaanza kukaza.

"Nani aliula?" mwanamke akauliza.

Awiti akamtazama mwanawe, machozi yakamtoka.

"Aliula Sylvance, alipoota meno," alisema. "Nilimwokota humu humu kwenye mahindi, mtoto wa siku mbili, amefungwa kwa leso. Nilingoja mwenyewe aje mpaka giza likaingia. Hakuja. Nikamnyonyesha, maana wangu nilikuwa nimemzika wiki hiyo na maziwa bado yalikuwa yanatoka. Nikampa jina la marehemu. Cheti cha kuzaliwa anachotumia ni cha marehemu. Sijawahi kumwambia mtu, hata mchungaji."

King'ora cha saa saba kikalia viwandani. Shambani wakabaki wawili tu, na Awiti akikohoa huku amejishika shingo.

Sylvance alikuwa bado ameshika bakuli la chakula. Mchuzi ulimmwagikia viatuni, wala hakuuhisi. Alipaswa kumkimbilia mama, kumpa maji, kumshukuru Mungu. Alishindwa hata kupiga hatua.

"Mama," alisema mwishowe, "mimi naitwa nani?"

Awiti alikaa chini kwenye udongo.