Kipimo cha Kaka

Kazi yake ilikuwa kuwatesa watu kwa kiasi. Hivyo ndivyo alivyoieleza kwa wageni, nao wakicheka, yeye wala hakuwa anatania. Alifanya kazi kwenye kampuni inayotengeneza gemu la mtandaoni, lile ambalo mtu anajifanya shujaa, anapigana na mazimwi na kupanda ngazi moja baada ya nyingine. Ukipanda wewe, mazimwi nayo yanapanda, usije ukachoka kwa kushinda kirahisi. Pigo la zimwi liume kiasi gani, hilo lilikuwa juu yake. Akikaza sana, watu wanatukana na kuondoka. Akilegeza sana, wanapiga miayo na kuondoka vilevile. Alitaka mtu atoke kwenye kila pambano anahema, damu imebaki kidogo, hamu ya kurudi imebaki tele.

Kwa wachezaji wote hao alikuwa na roho ngumu. Kwa mmoja tu roho ilimlainika, na huyo alikuwa kaka yake wa tumbo moja.

Kaka mtu alikuwa fundi muashi. Mwaka uliopita alianguka kutoka juu ya jukwaa la ujenzi, akazinduka hospitalini na kukuta mkono wa kulia haumsikii tena. Alihamia kwa huyo dada yake mdogo kwa wiki chache, hivyo ndivyo walivyokubaliana, na wiki zikawa miezi. Ili asishinde anatazama ukuta, dada alimfungulia akaunti kwenye gemu. Fundi hakosi maarifa: kwa kuwa mkono mmoja hautoshi kwa vitufe vyote, alichonga kipande cha ubao, akapachika vitufe viwili, akawa anavikanyaga kwa mguu. Hata hivyo, siku za mwanzo alikufa kila alipogusa. Dada akiwa kazini aliona kwenye kioo cha kompyuta yake jinsi kaka anavyouawa na panya, panya wa kwanza kabisa, wale ambao hata watoto wanawapiga teke. Roho ikamuuma. Akafanya jambo ambalo kwenye ofisi ile ni mwiko: aliingia kwenye mipangilio ya akaunti ile moja na kuyapunguza makali mapigo yote yanayoelekezwa kwake. Kidogo tu, alijiambia.

Kaka akaacha kufa. Lakini kila asubuhi, kabla hata hajaweka mkoba chini, dada alifungua mchoro wa akaunti ile na kuona mtu anayeponea chupuchupu. Akapunguza tena. Mchoro ukapanda siku chache, kisha kaka akawa hoi kama zamani. Akapunguza tena. Mchoro ulionyesha damu na muda, basi, na watu wa kazi ile wana ugonjwa wao: wakishaona mstari unashuka na kupanda, wanadhani wameshamwona mtu. Haikumjia akilini kwamba mwenye mstari alikuwa anakula naye meza moja kila jioni, na mdomo wa kuulizwa anao.

Kaka naye, huko kwenye gemu, alipata wenzake. Mmoja alikuwa mpishi wa hoteli, mwingine mama wa mapacha aliyecheza watoto wakisinzia, na wa tatu mwanafunzi wa udaktari. Hakuna aliyewahi kumwona mwenzake kwa sura. Walikutana mchana, wakamweka yeye mbele kabisa kama mbeba ngao, na wakamwita Kaptula. Dada alipouliza jina hilo limetoka wapi, aliambiwa ni hadithi ndefu. Hakufuatilia. Kilichomtosha ni kumsikia kaka yake anacheka peke yake bafuni.

Ndipo, wiki moja, mambo mawili yakamwangukia kwa mpigo. Kwanza alipigiwa simu na mkandarasi, bosi wa zamani wa kaka.

"Mikono ya kujenga ninayo, dada yangu," alisema yule mzee. "Nilichokosa ni jicho lake. Aje asimamie mafundi. Ila nimeona nikuulize wewe kwanza, nisije nikamtonesha kidonda."

"Bado hajakaa sawa," dada alijibu, haraka kuliko alivyofikiri. Aliomba hadi Ijumaa, na nyumbani hakumgusia kaka habari hiyo. Kichwani alimwona kaka akipanda ngazi za jengo kwa mkono mmoja, vijana wakimtazama kwa chini, naye akijifanya hawaoni. Hapana, asingeyaweza hayo.

La pili lilitoka ofisini. Mashindano makubwa ya vikundi yalikuwa yanaanza Alhamisi, na mkuu wa kitengo alitangaza kwamba akaunti zote zinarudishwa kwenye kipimo kimoja. "Hakuna cha mtoto wa mjomba hapa," alisema, na dada akatazama viatu vyake. Kaka angeangushwa kwa pigo la kwanza mbele ya wenzake wote, naye asingejua kilichompata. Basi dada akaamua moyoni: akianguka, mkandarasi atajibiwa hapana. Kama kwenye gemu tu hawezi kusimama, jengoni atasimamaje?

Alhamisi mchana alishindwa kuvumilia. Aliomba ruhusa, akakimbilia nyumbani. Kaka alikuwa kwenye kiti chake, mkono wa kulia juu ya mto, miguu kwenye ubao wake, sauti za wenzake zikibishana kwenye spika. Kwenye kioo mashujaa wanne walisimama mbele ya lango. Watatu walivaa chuma kuanzia utosini hadi unyayoni. Wa nne, mwenye ngao, alikuwa kifua wazi, pekupeku, amevaa kaptula.

"Kaka, mbona shujaa wako yuko uchi?"

"Kaptula huioni?" alijibu bila kugeuka. "Leo umewahi. Kuna usalama huko?"

"Usiingie kwanza. Kuna kitu nimekufanyia."

Kaka alizima kipaza sauti. Dada alimweleza yote akiwa amesimama, mkoba begani, kuanzia panya hadi tangazo la mkuu. Kaka alisikiliza, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka.

"Nilijua zamani, we mtoto. Mimi na mpishi tulikuwa ngazi moja, mavazi yaleyale. Siku moja zimwi likatufagia wote kwa mkia. Mwenzangu chali, mimi nimechubuka tu. Nikajiuliza, kwenye gemu zima hili nani ana huruma na mimi? Nikapata jibu. Nikavua kofia ya chuma."

"Ukavua?"

"Mambo yakakaa sawa, nikawa napigwa kama wenzangu. Baada ya siku mbili tatu yakalegea tena. Nikavua koti. Yakalegea, nikavua viatu. Wewe unapunguza, mimi navua. Nimebaki na hii, nikawa naomba Mungu usije ukapunguza tena."

Dada alicheka hadi akakaa chini, na machozi yakamtoka, maana aliona sasa: miezi yote ile alikuwa akimhurumia mtu anayejivua chuma kwa makusudi ili apigwe vizuri.

Kaka akamvika shujaa wake chuma chote. Wakaingia. Zimwi la siku hiyo halikuwa na mchezo. Lilimwondoa mpishi kwanza, kisha mwanafunzi, kisha mama wa mapacha, aliyetoa tusi zuri kabla ya kuzimika. Kaka alisimama peke yake, vidole vinakimbia, miguu inakanyaga, na alisimama muda mrefu kabla naye hajalazwa. Walishindwa wote, na kwenye spika kulikuwa na kelele kama za harusini.

"Hilo ndilo pigo!" kaka alisema, jasho linamtiririka. "Tunarudi, nipeni dakika." Akamgeukia dada, uso bado una kicheko. "Na huku nyumbani je? Kingine kipi umenipunguzia?"

Angeweza kusema hakuna. Alimwambia kuhusu mkandarasi.

Kicheko kilikauka. Kaka alitazama ule mkono wake juu ya mto.

"Alipiga lini?"

"Jumatatu."

"Mimi nilidhani wamenisahau," alisema taratibu. "Kila siku ukitoka naweka simu hapa mezani, sauti nimeipandisha hadi mwisho. Nilidhani wamenisahau kabisa."

Kaka aliivuta simu, akaiegemeza kwenye goti, akaanza kubonyeza namba ya mkandarasi, aliyoijua kwa kichwa, kwa kidole gumba cha kushoto. Alikosea, akafuta yote. Akaanza upya, akakosea tena karibu na mwisho. Mikono ya dada ilinyanyuka yenyewe kutoka mapajani. Aliirudisha chini, akaikalia, akasubiri pamoja naye.