Kidonge cha Gesi

Siku hiyo Nurunnahar alikuwa hakaliki. Alikaa ukingoni mwa kitanda cha hospitali, akainuka, akachungulia riksho, zile baiskeli za abiria za Dhaka, zilizobanana chini ya dirisha, akarudi. Binti yake Mithila, wa miaka saba, akamwambia, "Mama, unanizungusha kichwa bwana!"

Asubuhi Daktari Anisur alikuwa ameleta majibu. Dawa mpya ya Mithila, ile inayozilenga seli za saratani ya damu na kuziacha nyingine, haikufanya kazi ilivyotakiwa. Huenda imemkataa. Ingebaki kumpandikiza uboho, na wa kumtolea hakuna.

"Unampa kila siku?" Daktari alimwuliza Nurunnahar.

"Ah! Ningesahau kula mimi."

"Kuna dawa nyingine yoyote?"

"Hakuna, Daktari."

Na kwa alivyojua yeye, alisema kweli tupu.

Mchana akashindwa kuvumilia, akamfuata Daktari kumwomba apime tena. Alimkuta mezani kwa wauguzi, biriani mbele yake.

"Ngoja nimeze hii ya gesi tumboni kwanza, dada. Biriani hii itaniua."

Nurunnahar akacheka bila kutaka. "Hiyohiyo ndiyo ya Mithila."

Daktari akashusha glasi. "Anameza hii?"

"Kila asubuhi, kabla ya kile kidonge cha saratani. Dawa kali vile nimtie mtoto tumboni hivihivi? Nitakuwa mama gani?"

"Si nilikuuliza kama kuna dawa nyingine?"

"Sasa hiyo nayo ni dawa? Hiyo ni ya gesi!"

Daktari amlaumu nani? Dhaka nzima inameza ya gesi kama inavyokula chumvi, na yeye mwenyewe anayo mfukoni. Akamweleza taratibu: kidonge kile cha saratani huyeyushwa na asidi kali ya tumbo, na ya gesi huuzima ukali huo. Kilikuwa kikipita tu, bila kuingia kwenye damu.

"Kwa hiyo haijamkataa?"

"Sijui, dada. Pengine hajawahi kuipata sawasawa. Tunaanza upya, bila hii, kisha tutapima."

Furaha ikampanda Nurunnahar, kisha ikakatika. "Na miezi yote hii ugonjwa ulikuwa unajilia tu, mlango nikiufungua mimi?"

Daktari aliisukuma biriani kando.

Kesho yake asubuhi Nurunnahar alimpelekea Mithila kidonge kimoja na maji.

"Cha kwanza kiko wapi, Mama?"

"Hakuna tena cha kwanza."

"Tumbo likiuma je?"

"Likiuma utalia, na mimi nitalia. Meza, mwanangu."