Vishikio Vilivyopinda

Kwa miaka yote niliyong'oa meno hapa mjini Altoona, hakuna mtu aliyewahi kufurahi kuniona. Wagonjwa wangu walikuwa wakinikuta dukani wanageuza kitoroli na kwenda kununua vitu wasivyovihitaji. Ndiyo maana nilipostaafu niliteremka kwenye chumba cha chini ya nyumba, nikaanza kutengeneza vichwa vya treni vidogo, vya kulala kiganjani. Kichwa cha treni hakifumbi mdomo ukikisogelea na drili. Zana zangu zote zilipata ajira mpya, na mke wangu Bernadine alifurahi kwamba nimepata cha kufanya. Hakujua kwamba mchezo huu hauna mwisho.

Niseme ukweli kabla hajausema mwingine: katika klabu yetu ya treni ndogo mimi ndiye niliyekuwa sipendwi kuliko wote. Kila klabu ina mtu wa namna yangu. Anainama juu ya kazi ya mwenzake, anavaa miwani ya kukuzia, anahesabu moja moja ribiti, zile pini za kushikizia mabati, anakaa kimya, halafu anasema, "Mh." Basi. Hiyo "mh" yangu iliwahi kumfanya mtu mwenye wajukuu airudishe injini yake kwenye boksi na kwenda kukaa ndani ya gari.

Aliyekula "mh" nyingi zaidi ni Gus Pannone, jirani yangu, mwoka mikate mstaafu. Gus alitengeneza injini zake kama alivyokuwa akipamba keki za harusi, na gundi ilimwagika kila mahali.

"Gus," nilimuuliza siku moja mbele ya watu, "hii ni gundi au sukari ya keki?"

"Lamba ujue, Daktari."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa bado nahesabu ribiti.

Kisha mkono wangu wa kulia ukaanza kutikisika. Mwanzoni nikailaumu kahawa, nikaiacha. Ukaendelea, nikalaumu kuacha kahawa, nikairudia. Bernadine alikuwa akiniangalia tu nikipeleka supu mdomoni na kuimwaga njiani.

"Nenda ukaonwe na daktari," akaniambia.

"Mimi ndiye daktari."

"Wa meno, Lester. Mkono hauna meno."

Nikaenda. Daktari akanichorisha duara kwenye karatasi, likatoka kama kiazi. Akasema ni mtetemeko wa kawaida kwa watu wa umri wangu, hautaniua wala hautaniacha. Nikamshukuru, nikaenda kukaa garini kama yule babu niliyemwambia "mh". Bernadine nikamwapisha asimwambie mtu yeyote, hasa Gus.

Wakati huo nilikuwa namalizia injini ya mvuke, aina ile iliyokuwa ikisukuma mabehewa ya makaa kupandisha mlima wetu. Niliijenga kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kilichobaki ni vishikio tu, yaani vile vijiti vinavyopita ubavuni mwa boila ambavyo wafanyakazi hushikilia wasianguke. Kwenye injini ndogo hivyo ni waya mwembamba kama unywele, na unaupitisha kwenye matundu ambayo bila miwani huyaoni. Nilishika kibano, nikajikaza kisabuni. Waya ukaingia tundu la kwanza, ukapinda, ukaingia la pili, ukapinda zaidi. Ngazi ndogo ya ubavuni ikakaa upande. Kibano kikaniponyoka, kikaangukia tenda, lile behewa la makaa nyuma ya injini, na kuacha kishimo. Nilitukana kwa Kislovakia cha bibi yangu, maneno ambayo hata maana yake siijui.

Kutoipeleka kwenye mashindano ya klabu ya kila mwaka kusingewezekana, maana mwaka mzima nilikuwa nimewaringishia watu. Basi nikafanya anachofanya mtu wa mchezo huu akitaka kuficha aibu: niliipaka uchafu. Sisi ni watu wa ajabu. Tunatengeneza kitu king'ae, halafu tunakipaka kutu na masizi kwa brashi, ili kionekane kimefanya kazi. Bernadine aliteremka akanikuta.

"Nimekuomba uoshe gari tangu masika," alisema, "na wewe uko huku unachafua treni."

Siku ya mashindano jaji mkuu alikuwa Royce Dunkelberger, aliyekuja kutoka Harrisburg. Huyo ndiye mtu pekee ambaye "mh" yake ilikuwa nzito kuliko yangu. Aliinama juu ya injini yangu, akavaa miwani, akahesabu ribiti moja moja. Kisha akainua kichwa.

"Jamani, njooni muone hapa," akasema. "Njooni nyote."

Nikatafuta mlango uko wapi.

"Mnaona hivi vishikio? Wote mnavinyoosha kama rula. Nani kati yenu aliwahi kuona injini ya kazi yenye vishikio vilivyonyooka? Watu wamevining'inia, wamevikanyaga, wamevigonga na sepeto. Na hiki kishimo kwenye tenda! Miaka yote hii nawaambia watu, mchafue kwa moyo. Daktari Havrilla, ulitumia nini hapa?"

"Kibano," nikasema. Ulikuwa ukweli mtupu.

"Kibano tu," alirudia polepole, kama yuko kanisani.

Nikapewa kikombe. Kilikuwa na kifuniko, na mara nilipokishika kifuniko kikaanza kulia, ti-ti-ti-ti, ikabidi nikibane kifuani kama mtoto. Watu walikuwa wanapiga makofi wakiangalia injini. Gus peke yake alikuwa akiangalia kikombe.

Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini Dunkelberger aliniomba nije kwenye mkutano wa klabu wa vuli, niwaoneshe wenzangu ile mbinu yangu, huku kamera ikirusha picha ya mikono yangu ukutani ili hata walio nyuma waone. Nikasema ndiyo. Kichwa kilikuwa kimenivimba. Kwa muda wa wiki hivi niliamini kabisa kwamba mimi ni msanii, nikaanza hata kuwashauri watu wasinyooshe vitu sana.

Kisha akili ikanirudia, nikaingiwa na hofu. Nilifunga kiwiko mezani kwa mkanda wa Bernadine. Nilijaribu mkono wa kushoto, ambao haujawahi kufanya kazi hata siku moja na haukuwa tayari kuanza sasa. Nadhani nilikuwa mtu wa kwanza duniani kufanya mazoezi ya kutotetemeka ili akaoneshe jinsi alivyotetemeka.

"Waambie tu," Bernadine alisema.

"Wakijua watanihurumia. Watanipokonya kibano wanipe kazi ya kugawa kahawa."

"Kahawa utaimwaga."

Nilicheka, lakini usiku ule sikula. Niliogopa. Bila kile chumba cha chini mimi ni mng'oa meno tu ambaye watu wanamkimbia dukani, na sasa ningekuwa mng'oa meno anayehurumiwa. Ile huruma niliiogopa kuliko ugonjwa.

Siku ikafika. Ukumbi wa chini ya kanisa ulijaa, ukinuka kabichi na soseji. Waliokula "mh" zangu walikuwepo wote, wengine wameshika kalamu. Nikakaa, nikachukua waya kwa kibano, na mkono wangu ukatokea ukutani, mkubwa kama shuka la kitanda, vidole kama zile soseji, vyote vinacheza. Waya ukawa unagonga meza. Ukumbi mzima ulisikia.

"Royce," mtu alipaza sauti kutoka nyuma, "kamera inatikisika!"

Dunkelberger akaruka na kushika mguu wa kamera kwa mikono miwili. Kamera ikatulia. Meza ilikuwa imetulia tangu mwanzo. Kwa hiyo ukutani kilibaki kitu kimoja tu kinachotikisika.

"Iache kamera, Royce," nikasema. "Ni mimi."

Nikauweka waya mezani, nikawageukia.

"Mbinu yangu ndiyo hii mnayoiona. Sikuvipinda vile vishikio kwa kutaka. Nilitaka vinyooke, nilivililia vinyooke. Kile kishimo ni kibano kiliniponyoka. Kikombe nimekuja nacho, kiko ndani ya gari, mpeni anayestahili."

Nikangoja huruma. Niliiona inakuja, nyuso zinalainika mstari baada ya mstari, na nikatamani sakafu inimeze. Hapo ndipo Gus alipoinuka. Akaja mbele na lile tumbo lake, akanivua miwani ya kukuzia, akaivaa mwenyewe, akainama juu ya waya wangu. Akakaa kimya. Akazunguka upande wa pili, akainama tena.

"Mh," akasema.

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Mwanamke mmoja wa mstari wa mbele alimwaga kahawa bila ugonjwa wowote. Nami nilicheka mpaka nikagundua kwamba nalia, na sikuona haya. Dunkelberger alikataa katakata kupokea kikombe. Alisema kanuni zinaihukumu injini, hazimhukumu mkono wa mtu.

Jumanne iliyofuata Gus aliteremka ngazi za chumba changu cha chini bila kubisha hodi, na sahani ya mikate yake mitamu yenye mbegu nyeusi za mpopi.

"Sogea," akaniambia.

"Nani kakuita?"

"Bernadine. Shika kibano, we mzee, na leo ufunge domo."

Akaweka kiganja chake kipana, cha mtu aliyekanda unga maisha yake yote, chini ya kifundo cha mkono wangu, akakishika. Waya ukaingia tundu la kwanza. Ukaingia la pili. Nilitaka kumshukuru, ila niliona tone la gundi yake limedondokea kwenye kengele ya injini, nikamtukana badala yake. Tangu hapo anakuja kila Jumanne.

Mwaka huu tulipeleka injini yetu kwa majina mawili. Dunkelberger aliinama, akaangalia vishikio vilivyonyooka kama rula, akaangalia kengele yenye gundi, akapita bila neno. Hatukupata hata cheti. Gus alinisogelea pale mezani, mdomo umejaa soseji.

"Ungetetemeka kidogo tu, Daktari, tungeshinda."

"Ungeniachia mkono," nikamwambia, "ningetetemeka."