Kisima cha Chini ya Mwalo

Tangu watu wa kutoka mbali wafungue mwalo wao wa kuoshea mchanga wa dhahabu pale juu ya kisima chetu, kila mtu kijijini kawa bingwa wa maji. Huyu anasema kisimani kuna zebaki. Yule anasema chemsha tu, zebaki inakufa. Kwenye simu ikazunguka sauti ya mwanamume nisiyemjua, eti tukamulie limau. Mnadani nikamkuta jamaa anauza unga mweupe wa kuua sumu za migodini. Nikamuuliza umetengenezwa na nini, akanicheka. Nikamwambia akamnyweshe mama yake kwanza.

Sikuwa na moyo wa mzaha. Mkamwana wangu Limi ana mimba kubwa, na siku hizo alikuwa anaamka kichwa kinamgonga, mdomoni anasikia ladha ya chuma, vidole vinamtetemeka akishika kikombe. Zahanati wakampa vidonge vya kuongeza damu. Mimi kila nikimwona anakunywa maji, naona yanapita kooni kwenda moja kwa moja kwa mtoto. Niliogopa, sisemi uongo. Niliogopa hadi chakula kikanishinda.

Nikaona basi, nakwenda kwa wanaojua. Asubuhi nikachukua chupa ndogo ya soda kwenye kichanja cha jikoni, ile yenye kifuniko kinachokaza, nikaiosha kwa sabuni, nikachota maji kisimani. Bodaboda hadi Kharumwa.

Kwenye ofisi ya maji ya wilaya nikamkuta binti wa kupima maji, anaitwa Asteria.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipimie haya maji, nyumbani nina mjamzito anakwisha."

Hakunizungusha. Akavaa glavu, akaipokea chupa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye kitako cha chupa palikuwa na kitone kinang'aa. Alipoinamisha chupa, kikabingirika.

"Yesu na Maria!" nikapiga kelele. "Si ndiyo hiyo? Kisima kimetuua!"

"Mama, tulia. Zebaki haichoteki kisimani ikiwa tone namna hii. Ilikuwemo kwenye chupa. Chupa ni ya nani?"

Chupa ni ya nani kama si ya mwanangu Boaz? Boaz anachimba, kama wanaume wote wa kwetu. Mchanga wake anauoshea uani kwenye karai, anaikamata dhahabu kwa zebaki, halafu anaichoma ile zebaki iondoke, ibaki dhahabu. Hayo yote nayajua, nayaona kila wiki. Lakini kwangu mimi zebaki ya kuogopa ilikuwa ya wale wenye mwalo. Ya Boaz ilikuwa kazi.

"Anachomea wapi?" Asteria akauliza.

"Jikoni. Akichomea nje watu watajua kapata, usiku wanakuja na mapanga."

"Mlango anaacha wazi?"

"Yaya, haachi! Anafunga."

"Na jikoni anakuwepo nani mwingine?"

"Huyohuyo mjamzito," nikasema. Limi ndiye anayempulizia moto.

Asteria akavuta kiti, akakaa karibu yangu. "Mama, nisikilize. Ule mvuke wa zebaki inayochomwa huuoni. Unaingia kwa mama, unapita hadi kwa mtoto. Kisima tutakuja kukipima wenyewe, kwa chupa zetu, na majibu nitakupigia mimi. Ila wewe usisubiri majibu. Mtoe huyo binti jikoni leo, na kesho umpeleke hospitali ya wilaya. Usione aibu, waambie wazi kwamba amevuta mvuke wa zebaki."

"Wabeja, asante mwanangu."

Nje mawingu yalikuwa yameshatanda. Mvua ikija Boaz hashuki shimoni, anabaki nyumbani kuchoma alichonacho. Nikampigia Limi. Simu inaita, hapokei. Nikapiga tena, hapokei. Nikamwambia kijana wa bodaboda akimbize, na akiogopa matope anipe mimi niendeshe. Njia nzima nilikuwa nasali, na sala yenyewe naisahau katikati.

Kufika, mlango wa jiko umefungwa. Nikausukuma kwa bega. Boaz kachuchumaa juu ya jiko la mkaa, kijiko chake motoni. Limi kapiga magoti pembeni, tumbo limegusa mapaja, simu kaishika juu anammulikia.

"Mama, funga mlango!" Boaz akasema.

"Nikufungie mlango au jeneza?"

Nikamshika Limi kwapani, nikamvuta hadi uani. Mvua ikaanza saa hiyohiyo, kubwa. Ndani ya nyumba sikuthubutu kumrudisha, jiko letu na chumba chao ni paa moja na ukuta haufiki juu. Boaz akatoka nyuma yetu, amekasirika, uso umemshuka.

"Mama, una nini? Kwani hapa kuna nyumba gani isiyochomea jikoni?"



Mlango wa jiko la jirani ukafunguka. Mageni akachungulia, mtoto wake mchanga mgongoni. "Mama Boaz, umeingiwa na nini? Mjamzito ananyeshewa! Mlete huku ndani, kuna moto!"

Nyuma yake nilimwona mumewe, kachuchumaa juu ya jiko, kijiko motoni.

Limi akapiga hatua kwenda. Nikamkaza mkono.

"Mayu, mama yangu, nasikia baridi."

"Najua, mwanangu. Simama hapahapa."

Nikavua kitenge changu nikamfunika kichwa na tumbo. Kisha nikampigia Mageni ukelele, atoke, atoke na mtoto. Mvua ilikuwa inagonga mabati. Akanionyesha kwa mkono kwamba hasikii, akafunga mlango mtoto asipigwe na baridi.