Simu Isiyoonyesha Sura

Bi Deolinda Ayala, Ña Deolinda kwa watu wa kwao, alikuwa akiuza chipa, vile vimkate vya jibini, kwenye kituo cha mabasi cha Encarnación, Paragwai, tangu mumewe alipofariki, na hapakuwa na dereva wa njia ile asiyeijua sauti yake. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, kikapu kichwani, mikono inanukia jibini na wanga wa muhogo hata siku ya kwenda misa. Mtoto alikuwa naye mmoja tu, Nimia, aliyevuka mto kwenda Ajentina angali msichana, akapata kazi ya ndani Buenos Aires, na huko akawa mtu mzima bila mama yake kumshuhudia, isipokuwa Krismasi kwa Krismasi.

Ndiyo maana Jumapili zilikuwa na thamani. Nimia alikuwa amemletea mama yake simu kubwa ya kugusa, na kila Jumapili baada ya misa Deolinda aliisimamisha mezani, akaiegemeza kwenye birika, wakaonana. Huyu anakunywa tereré yake, ile chai baridi ya majani, huku, yule anakunywa yake kule, wanausengenya ukoo mzima mpaka betri inalia. Majuma ya karibuni tu picha ilikuwa ikikatika; Nimia alisema ni mtandao.

Kisha simu ikamteleza kwenye vidole vyenye mafuta, ikaanguka kwenye sakafu ya saruji, kioo kikawa vipande vipande. Deolinda akaazima simu ya jirani kumpa binti yake habari za msiba huo.

"Niambie jina lake, mwanangu, nikanunue nyingine kama ile ile."

Nimia akakataa. "Usinunue kama ile, mama. Nunua ya kukunja. Ile nyembamba, ya batani. Na uwaambie unataka isiyofungwa na kampuni yoyote, ili siku ukivuka daraja uweke laini ya huku, ukirudi uweke ya nyumbani. Kwa kazi yako na kwa safari hakuna kama hiyo."

"Sasa nitakuonaje?"

"Mama, umeniona tangu nilipotoka tumboni. Bado hujashiba?"

Deolinda alicheka mpaka jirani akachungulia. Maneno yalikuwa na mantiki, na Nimia tangu utotoni alikuwa mtu wa mantiki.

Basi akaenda kwenye maduka ya karibu na daraja, ambako Waajentina huvuka kila siku kuja kununua redio na matairi. Muuzaji aliitwa Librada, mwanamke wa makamo, mwenye maneno mengi kuliko bidhaa zake.

"Ya kukunja? Hizo, mama, wanazinunua watu wa aina mbili: mzee aliyechoshwa na vioo, na mume mwenye nyumba mbili."

"Niweke kwa wazee. Nyumba yenyewe moja inanishinda."

Librada akatoa moja ya rangi ya zambarau iliyokolea, nyembamba kama kitabu cha sala. Akaifunua, akaifunika, ikalia tap! "Hii unaitia kifuani na hakuna atakayejua."

"Haijafungwa?"

"Haijafungwa na yeyote. Laini ya kwetu inakubali, ya Ajentina inakubali, ya Brazili inakubali. Hii ni kama mjane, mama. Inaongea na inayemtaka."

"Mbona mimi ni mjane na hakuna anayenipigia?"

Wakacheka wote wawili. Librada akatia laini ya Paragwai, ikashika mtandao. Akaitoa kwa ukucha, akatia ya Ajentina, nayo ikashika, maana Ajentina iko ng'ambo tu ya mto na minara yake inafika. Akamfundisha Deolinda kufanya hivyo mwenyewe. Alipokuwa akiifungasha akasema, "Ila nikwambie mapema, usije ukanirudia na maneno. Hii haina mambo ya kuonana. Sauti tu."

"Najua. Binti yangu ndiye aliyeagiza hivyo. Yuko Buenos Aires."

Librada aliinua macho. "Ajabu. Wa mbali wengi huwataka mama zao wachukue zenye picha."

"Wangu anajua kazi yangu," Deolinda alisema, na akaliona jibu lake mwenyewe halikumtosheleza.

Lakini kwa kazi za kila siku simu ile ilikuwa mkombozi. Vidole vyenye mafuta havikuisumbua, jua halikuipofusha. Madereva wakapata la kusema: "Ña Deolinda ana mchumba, anamficha kifuani!" Naye akawajibu kwamba mchumba huyo angalau hunyamaza akifunikwa, si kama wao. Tena Nimia akawa anapiga mara nyingi kuliko zamani, hata siku za kazi. Aliuliza mambo madogo madogo: mti wa guava umezaa? Padre bado analala kwenye maungamo? Nisimulie tena ule ugomvi wa nguruwe wa shangazi. Deolinda alisimulia, na upande wa pili akasikia kicheko, kisha kikohozi.

"Una nini?"

"Mafua, mama."

"Mafua gani ya kiangazi?"

"Ya hewa ya mashine. Tajiri wangu analala kwenye baridi kama samaki."

Mwezi wa Desemba Nimia akasema hatakuja Krismasi. Tajiri na familia yake wanakwenda baharini na wanamhitaji. Deolinda hakubishana. Alifunika simu, akasimama jikoni akiutazama unga aliokwisha kuukanda, na moyo wake ukakataa. Kama mtoto haji kwa mama, mama ana miguu. Siku chache baadaye akafunga chipa kwenye kitambaa, jibini na majani ya dawa kwenye mfuko, akavuka daraja bila kumwambia mtu.

Kwenye kituo cha Posadas, mji wa ng'ambo, akakata tiketi ya Buenos Aires, akanunua laini ya Ajentina, akaibadilisha kwa ukucha kama alivyofundishwa. Akapiga.

"Nani?" Nimia akauliza, maana namba ilikuwa ngeni.

"Muuza chipa. Nimesikia Buenos Aires kuna njaa."

"Mama? Namba ya nani hii?"

"Yangu. Niko Posadas, tiketi mkononi. Nenda baharini na matajiri wako, mimi nitakuwepo ukirudi."

Alingoja kelele za furaha. Ikaja sauti ndogo, ya mtoto anayeomba asichapwe. "Rudi nyumbani, mama. Nakuomba. Rudi."

Pakasikika mkwaruzo, simu ikinyang'anywa, na sauti nyingine ya mwanamke ikaingia. "Mama Deolinda? Mimi Teodora, nakaa chumba kimoja na Nimia. Usimsikilize. Njoo."

"Ana nini? Ana mimba?" Deolinda aliuliza, na ndani ya hofu yake mlikuwa na tumaini.

"Laiti, mama," Teodora alisema. "Laiti ingekuwa hiyo. Njoo, usichelewe."

Alipofika asubuhi, Teodora alikuwa akimngoja kituoni, mwanamke mwembamba wa Caazapá, Mparagwai mwenzao, mikono imechujuka kwa sabuni za dobi. Njiani akamweleza yote, maana alishachoka kuyabeba. Saratani ya tumbo. Iligunduliwa kabla ya majira ya baridi, na sasa ilikuwa imefika kwenye ini. Kazi Nimia alikwisha kuiacha kitambo. Hapakuwa na tajiri wala bahari. "Nilimwambia, mficha maradhi kifo humwumbua. Akaniapisha nisiseme."

Chumba kilikuwa juu kabisa ya ngazi za chuma. Deolinda akaingia, akamwona mgonjwa kitandani, kitambaa kichwani, mifupa ya uso imetokeza, ngozi ya manjano. Na macho ya mama yakampita, yakaenda ukutani, yakaenda dirishani, yakimtafuta Nimia.

"Umeona?" mgonjwa akasema kwa sauti ya binti yake. "Hayo macho, mama. Hayo ndiyo niliyokuwa nayakimbia."

Deolinda akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Kwa hiyo ile simu..."

"Ilipovunjika ile kubwa nilimshukuru Mungu. Nilikuwa nimeishiwa visingizio. Ungeniona mara moja tu, ungejua. Sauti naweza kuipanga. Sura siwezi."

Hapo hasira ikampanda mama, hasira ambayo hakuwahi kuwa nayo juu ya mtoto huyo. "Nani alikwambia nataka sura nzuri? Ulipougua surua nilikukodolea macho mchana kutwa usije ukanitoroka. Umeninyima, Nimia. Miezi yote hiyo mimi nazunguka kituoni nacheka na madereva kama mwendawazimu, na wewe unateketea huku!"

"Ndicho nilichokitaka," Nimia akasema. "Nilitaka duniani abaki mtu mmoja anayecheka, nami nimsikie."

Deolinda akavua viatu, akapanda kitandani na nguo zake za safari, akamkumbatia. Nimia alikuwa mwepesi kama kikapu kilichouzwa chote. Teodora akatoka nje, akakaa kwenye ngazi.

Madaktari walisema hakuna la zaidi la kufanya isipokuwa dawa ya maumivu. Nimia akasema basi arudishwe kwao. Wakasafiri watatu, mgonjwa katikati, na walipofika darajani akaomba ainuliwe auone mto. Akautazama wote, mpaka basi lilipoingia upande wa pili.

Aliishi nyumbani kiangazi kile chote na karibu Kwaresma yote. Aliacha kujificha. Deolinda alimwogesha, akampaka mafuta kichwani palipokuwa na nywele, akamlisha uji wa wanga kwa kijiko, na muda wote huo akamtazama. Wakati mwingine Nimia alifumbua macho, akamkuta yupo vile vile, akitazama.

"Utachoka, mama."

"Bado sijashiba," Deolinda alisema.

Nimia alifariki Jumatano ya Wiki Kuu, asubuhi, saa ambayo mtaa mzima huwasha tanuri kuoka chipa za Pasaka. Tanuri la Deolinda peke yake lilikuwa baridi. Majirani wakamletea yeye chipa, yeye aliyewauzia maisha yake yote. Wakazipanga mezani juu ya kitambaa.

Teodora, aliyekuwa amerudi kazini Buenos Aires, alikuja kwa sala za siku ya tisa za kumwombea marehemu. Watu walipoondoka, wanawake hao wawili walibaki uani wakiosha vikombe, na Teodora akasema, kama anayezungumza na maji, "Kila alipotaka kukupigia, aliniambia nimkalishe. Hata siku mbaya. Ananawa uso, anavaa hereni, anapaka rangi ya midomo. Namwambia, mama yako haoni, simu yake ni ya sauti tu. Ananiambia, anasikia. Mama yangu anasikia."

Deolinda aliweka kikombe chini. "Rangi gani?"

"Nyekundu. Iliyokolea."

Tangu Jumatano ile hakuwa ametoa chozi. Watu walikuwa wameanza kunong'ona. Sasa alilia akiwa amesimama, mikono imelowa, mdomo wazi kama mtoto, na Teodora hakujaribu kumnyamazisha. Alilia mpaka mbwa wa jirani akaanza kubweka. Kisha akajipangusa uso kwa aproni, akasema, "Nisimulie tena. Taratibu. Hereni zipi?"

Teodora akasimulia tena, na kesho yake tena, kila mara akikumbuka kitu kidogo zaidi. Alipoondoka, Deolinda alimsindikiza mpaka kituoni. Madereva walimwona, wakavua kofia, wala hakuna aliyemtania. Alisimama mpaka basi lilipopinda kona kuelekea darajani, kisha akarudi kwa miguu, akapitia kwa jirani kuazima jibini la kuokea chipa za kesho.