Kitabu cha Kiprono

Wewe umewahi kujikuta ndani ya kabati la kioo, una miaka sita, unalia, na watu wazima wanakuinamia ili wakuone vizuri?

Jebet alijikuta hivyo West Bay, Doha, ukumbini chini ya mnara mmoja, ambako baridi ya mashine ilimfanya ajitupie leso ya pili mabegani. Kitabu cha michoro cha marehemu baba yake, Kiprono, kilikuwa humo kabatini, kimefunuliwa ukurasa mmoja. Wino mweusi, mistari michache: mama yake amechuchumaa, sindano mkononi, anamtoa mwiba unyayoni, na yeye Jebet mdomo wazi, machozi yamechorwa madogo kama punje za wimbi. Pembeni palikuwa na alama ya kidole gumba, maana Kiprono hakuwa na subira ya kungoja wino ukauke.

"Mama, nakuomba," alinong'ona binti yake Edith, muuguzi, aliyemleta Doha amsaidie kulea mtoto. "Sema hayo maneno mawili, tupigwe picha, twende zetu. Usinichome mbele za watu."

"Nikuchome kwani mimi ni jiko?"

Augustine, msimamizi wa maonyesho, Mkenya mwenzao aliyevaa suti kama bwana harusi, alimkabidhi kikombe kidogo cha kahawa, kisha akamsomea maelezo ya ukutani. Msanii alimzawadia kitabu daktari mgeni; daktari akamrithisha mwanawe; mwana akakipeleka mnadani; mnunuzi wa Doha akakileta hapa.

"Ni hapo mwanzo tu hatuna shahidi, Mama. Ukiwaambia wageni kwamba mzee alikitoa kwa moyo mweupe, historia yake imekamilika."

Moyo mweupe! Jebet alikuwepo. Daktari alikisifia kitabu, na Kiprono akamwambia, "Kakitazame, utakileta ukija tena." Akaja tena, mikono mitupu. Kiprono akamkalisha, akamimina maziwa ya mursik kutoka kibuyu cha wageni, akamuuliza habari za mvua, za watoto, za barabara. Mama yake Jebet alimkonyeza mumewe mpaka jicho likachoka. Wapi! Kwao mgeni hakumbushwi kitu. Kumkumbusha ni kumwita mwizi naye amekalia kigoda chako. Basi daktari akaondoka akiamini amepewa, na Kiprono akafa akiamini kitaletwa.

Na sasa Jebet ndiye mgeni, kikombe cha wenyewe mkononi. Adabu ileile ilimtaka anyamaze. Aliisukuma kando.

"Hakukitoa," alisema.

Augustine alicheka kidogo. "Lakini hakuwahi kukidai, Mama."

"Angemdaije mgeni? Wewe kwenu hukulelewa?"

"Mama!" Edith alimvuta leso. "Wametukaribisha vizuri hawa watu."

"Ndiyo. Wanataka na mimi ninyamaze vizuri."

Kamera zilikuwa tayari. Augustine alishusha sauti, akaahidi jina la Kiprono litaandikwa kwa herufi kubwa, na la mama aliyechorwa pia, na Jebet atapewa kiti cha mbele. Jebet alimsikiliza mpaka mwisho, kama anavyomsikiliza mjukuu anayekataa uji. Kisha akakiweka kikombe kwenye sinia. Hakuwa amekionja.

Kando ya ukuta, mzee mmoja wa kanzu nyeupe, mnunuzi mwenyewe, alikitazama kikombe kile kilichojaa. Mazungumzo yake na waliomzunguka yakakatika. Kwao pia kuna desturi ya zamani: mgeni akiacha kahawa, ana haja moyoni, na mwenyeji hana budi kuisikia. Alimsogelea Jebet, akasema maneno machache ya Kiarabu kwa upole.

"Anauliza," Augustine alifasiri, sasa jasho likimtoka kwenye baridi ile, "haja yako ni nini. Mama, tafadhali, fikiri kwanza."

Edith aliiachia leso.

"Mwambie sihitaji kufikiri," alisema Jebet, na sauti yake ikafika mlangoni. "Nakitaka kitabu cha baba yangu."