Kwa Mdogo Wangu Watoto Hawalii

Mdogo wangu, kitindamimba wa mama yetu, ni daktari wa meno aliyejua kujisifu kabla hajajua kutibu. Sifa yake kuu aliiandika mlangoni kwa rangi nyekundu: KWETU WATOTO HAWALII. Akina mama wakafurika, maana mtoto akipiga kelele kwenye kiti cha daktari mzazi huona kama anavuliwa nguo hadharani. Mimi nami ni daktari wa meno, nahudumia watoto katika hospitali iliyo ng'ambo ya barabara. Kwangu wanalia. Yeye alipaita banda la mbuzi.

Ukimya wake ulitoka kwenye chupa ya dawa ya usingizi, aliyoimimina kwa kukadiria, kama mtu anayetia chumvi mchuzini. Mizani ya kuwapima watoto uzito, ili ajue kiasi cha dawa, hakuwa nayo. Nilimwonya mara nyingi.

"Dada, wewe na vitabu vyako," alinijibu. "Wateja wanataka amani."

Asubuhi moja binamu yetu alinipigia simu akicheka. Alikuwa amempeleka kwa kitindamimba wetu binti yake mdogo, tunayemwita Kasuku kwa sababu hanyamazi hata akiwa anatafuna, akang'olewe gego lililooza.

"Dada, leo kanyamaza. Dawa ya kwanza ilimgomea, kaongezwa nyingine. Sasa anakoroma kama mzee."

"Daktari yuko wapi?"

"Chumba cha pili, ana mteja. Kasema kwanza mtoto azame vizuri usingizini."

"Na nani anamwangalia mtoto?"

"Si mimi hapa."

Mtoto aliyenyweshwa dawa ya usingizi akikoroma, si kwamba ananogewa na usingizi. Ulimi umelegea, unaziba njia ya hewa. Nilimwambia amwinue kidevu na asikiachie. Nikavuka barabara na koti langu la kazi, pikipiki zikinipigia honi.

Pale mapokezi samaki wa rangi walikuwa wakiogelea kwenye tangi la kioo na katuni zikicheza ukutani. Kila kilichoweza kupigwa picha kilikuwepo. Ndani, mkoromo ulikuwa umekoma. Binamu alikuwa ameshika kidevu kwa mikono miwili, machozi yakimtiririka. Kifua cha Kasuku kilihangaika, lakini nilipoweka shavu puani pake sikuhisi hewa. Midomo ilikuwa imeanza kuwa ya bluu.

Nilisukuma taya mbele, nikamfungua mdomo. Bonge la pamba, alilowekewa tayari kwa kung'olewa, lilikuwa limeteleza hadi kooni. Nikalichomoa kwa koleo. Hewa ikaingia kwa mlio mkali, kisha akatapika maziwa, nikamlaza ubavu upesi.

"Alikunywa maziwa?"

"Kikombe kimoja tu. Sikuambiwa asinywe."

Mdogo wangu akaingia, glavu mkononi. Kwenye kona kulikuwa na mtungi wa oksijeni, ametundika koti lake juu yake.

"Fungua oksijeni," nikamwambia.

Akapapasa droo, akapapasa mifuko. Ufunguo wa mtungi hakuujua ulipo. Kile kifaa cha kubana kidoleni, cha kupima hewa kwenye damu, kilikuwa kwenye boksi lake, hakijawahi kutiwa betri. Nilidhani ataomba msamaha, au walau atatetemeka.

"Dada, punguza sauti," alisema. "Kuna wateja nje."

Mjinga ningemhurumia. Huyu alisomea kazi hii, akafundishwa yote haya, akaona yatamchelewesha. Nilimbeba Kasuku huku nimemwinua taya, binamu akatangulia kusimamisha magari.

Kwangu alipewa oksijeni, tukakaa kando ya kitanda tukimwangalia. Alipozinduka, mchana, alilalamika kwamba katuni imeisha bila yeye kuiona.

Jioni mama alituita. Kitindamimba alikuwa amewahi, amekalia kiti kizuri, ameshaeleza kwamba mtoto alilala vizuri na dada ndiye aliyepaparika.

"Mwanangu," mama akaniambia, "usimwanike mdogo wako. Ya nyumbani yaishe nyumbani."

"Kesho atakuwa mtoto wa jirani, mama. Nitamwambia nini jirani?"

Nilimshtaki kwenye baraza la madaktari. Binamu akatoa ushahidi. Walikuja, wakakagua, wakamkataza kumlaza mtoto yeyote kwa dawa mpaka awe na vifaa vyote na mtu aliyesomea kazi hiyo, asiye na shughuli nyingine ila kumwangalia mgonjwa anavyopumua. Yeye akatangaza kwa ukoo mzima kwamba nina kijicho. Mama alininunia muda mrefu.

Gego la Kasuku nililing'oa mwenyewe baada ya wiki chache. Nilimpaka dawa ya ganzi kwenye ufizi, nikamchoma sindano polepole, amekaa mapajani mwa binamu, mama yake. Alilia kidogo, akaacha, akaniuliza kama mbwa nao hung'olewa meno, na mamba je.

Mdogo wangu hajanunua vifaa. Ile rangi nyekundu ameikwangua, na watoto wanaomlilia sasa anawaelekeza ng'ambo, kwangu. Salamu hanitumii, na mimi sizingoji.